Zamu ya Kupumua

Kamina, siku ya posho, mvua imetoka kukatika

Yaya Salomé,

Kaa kwanza chini, juu barua hii inatoka kwa Jua. Usicheke. Jua, ile ya yulu mu mbingu. Prof Nahum mwenyewe alisema mbele ya korale yote kama sasa minyi, mudogo yako Nyembo, niko Jua, na siku nitafunga kinywa, kuku ya Kamina zitaingia kulala katikati ya muchana na treni ya Bukama itapotea njia, ata kama iko inatembea yulu ya reli. Ile ya kuku na treni niliongeza minyi, lakini ni kweli. Bass yangu imeshuka, yaya! Imeshuka mpaka mbuzi ya Mama Abigaïl ilizaa mbele ya siku yake. Kule Lubumbashi muko na bastar ya miziki mingi, lakini koo ya kweli ilibaki huku.

Sasa njo nakusalimia. Jambo sana, jambo tena. Unaamukaka muzima? Bagonjwa ya lopitalo banakuachia ata kidogo usingizi? Shemeji iko? Na Shekina, meno yake ilisha kutoka, ao angali anauma bantu na fizi sawa kambale? Shiye huku Mungu anatulinda. Mama anauzisha muhogo yake, anagombana na kila mwenye kununua, maana yake iko muzima kabisa. Minyi unaniyua: masomo ilinikataa, minyi pia niliikataa, tukasikilizana. Papa naye iko.

Juu ya Papa njo naandika. Mama alinisikilizisha vocal yako mu telefone. Unasema ulisikia Papa ametoka mu korale juu kifua yake imechoka, na unataka apande treni aende kwako, bamupige foto ya kifua. Na mwisho unasema: Nyembo, weye njo unasimamaka pembeni yake, niambie vizuri kulipita nini. Yaya, ile vocal ilinikasirisha. Tangu siku ya tanki, utaisoma mbele, minakasirika na bantu bote, sawa vile pasta anasalimiaka bantu ku mulango ya kanisa: hakuna mwenye anapita bila kupata yake. Weye pia umepata yako. Sasa soma, usinikatize.

Naanza na Prof Nahum, juu bila yeye tungekuwa tungali tunaimba sawa bantu. Unamukumbuka: anafundishaka fizike, na kiisha masomo anaongozaka korale yetu. Zamani tuliimba ubeti, tukaitikia, tukaketi, bamama bakapiga vigelegele, kwisha. Lakini tangu kipwa, ile miezi bila mvua, Prof alipata mu telefone yake miziki ya inchi za mbali: violo mingi, ile vinanda ya nyuzi, inavuta sauti moja tu, polepole, sawa muntu anavuta maji mu kisima yenye haina mwisho, korale inaimba bila maneno, filimbi inapita ndani sawa ukungu ya Upemba asubui. Anasikilizaka na macho ya kufunga, ata mu njia, kinga ya magurudumu mbili karibu imugonge. Anasema hii njo miziki ya leo, na benye kuitunga bangali bazima, banaenda soko, banaumwa meno, habako bale bazee ya nywele ya bandia ya mu picha.

Basi naye akatunga yake. Akasema itakuwa wimbo ya Jua. Alisoma kama Jua inatetemeka nzima, bila kupumzika, sawa ngoma yenye inajipiga yenyewe, juu ndani yake kunachemuka sawa bukari ya unga mu nyungu. Lakini sauti yake haifike huku, juu katikati hakuna hewa, na sauti bila hewa ni treni bila reli. Ata ingefika, iko chini sana, masikio ya muntu haiwezi kuikamata. Mama Abigaïl, mukubwa ya ba alto, akauliza Yesu iko wapi mu ile wimbo. Djo wa tenor akauliza kama hakuna mwenye kuisikia, juu ya nini tujichokeshe. Prof akamujibu Djo kama njo vile: Jua haina koo, shiye tuiazime yetu. Mama Abigaïl angali anangoja jibu yake.

Alitufundisha pia kama sauti haiko upepo unatoka mu kinywa. Alitupeleka ku reli tukaangalie mashini vile inasukuma wagoni: ya kwanza inagonga ya pili, ya pili inagonga mwenzake, kishindo inafika mpaka ku mukia, lakini ile ya kwanza imesogea kidogo tu. Sauti njo vile. Hewa yangu inabaki kwangu, kishindo njo inafika kwako. Nilimushukuru Mungu, juu siku ile nilikula samaki ya Bukama na kitunguu, na Gisèle wa soprano alikuwa anasimama mbele yangu kabisa.

Lakini kazi ngumu ilikuwa yetu. Jua haikatike, Prof anasema, basi bass pia isikatike: noti moja, tangu mwanzo mpaka mwisho, na bengine bapite yulu yake sawa mawingu. Na ile noti iko chini sana. Bass bengine banaipapasaka tu na mguu, sawa maji ya baridi, kiisha banakimbia. Benye kuweza kuisimamisha ni babili, Papa na minyi. Sasa muntu iko na mapafu, haiko kinanda. Njo Prof akatufundisha zamu ya kupumua. Munasimama bega kwa bega. Mumoja anatoka, anakula hewa, mwingine anabaki na noti. Mwenye kubaki akiona pumzi inamuishia, anamugusa mwenzake na kiwiko, ni kusema: ingia. Mwenzake anaingia polepole, njo yeye anatoka. Mwenye kusikiliza hatayua nani iko ndani na nani iko inje. Na sheria ni moja tu: mwenye iko ndani haache mpaka mwenye iko inje ameingia.

Na mwanzo ya wimbo, muntu mumoja anaanza peke yake, korale yote kimya. Kila muntu aliyua ni minyi. Prof alikuwa alisha kugeuza uso kwangu. Papa yetu akanyanyua mukono, na ile sauti yake ya karani ya gare, ile anasomeaka nayo bantu saa ya treni, akasema Nyembo iko na sauti lakini hana subira, anapumuaka sawa mbuzi yenye balikuta mu shamba ya muhogo, bangoje kwanza akomae. Yaya! Papa yangu wa kunizaa! Korale ikaanguka na kicheko. Gisèle alicheka mpaka akajifuta macho na kitambala. Mpaka leo batoto ya njia yetu bakiniona banalia meee. Mwanzo bakamupa Papa, na yeye hakuniangalia ata, alikuwa anasafisha miwani yake, muzuri kabisa, sawa muntu amemaliza kazi ya serikali.

Kiisha Prof akatafuta fasi yenye sauti inakawia. Kule ngambo ya reli kuna ile tanki ya zamani, ya maji ya treni za moshi, inalala mu majani, bantu balikataka mulango mu ubavu yake. Weye ulikuwa unaiogopa juu ya nyoka. Ukiingia ukapiga makofi, unaweza kwenda kunywa maji, ukirudi mikono yako ingali inapiga. Tukaingia korale yote, na Djo na telefone yake yulu ya matofali, kukamata wimbo, ipelekwe Bukama kwenye makutano ya makorale, bachague benye bataimba. Jua ya kweli ilikuwa inachoma chuma kwa inje. Ndani tulikuwa sawa muhogo mu nyungu ya kufunika.

Papa akaanza. Nikuambie ukweli: ilikuwa muzuri. Sauti yake ilitoka chini ya miguu yetu, ikazunguka tanki, ikarudi, ikajikuta yenyewe, ikakuwa bantu mingi. Mama Abigaïl akasahau kuuliza Yesu. Na ile uzuri ilinikasirisha kuliko kicheko. Nikaingia, akatoka, nikatoka, akaingia. Basoprano bakaanza kupita yulu. Pale katikati, mahali mawingu inaachana na Jua inabaki peke yake, Papa alikuwa ndani na minyi nilikuwa inje. Akaimba, akaimba, kiisha bass ikakatika na Papa akaanguka. Kichwa yake ikapiga chuma, na tanki ikalia sawa kengele kubwa, na hakuna mwenye aliweza kuinyamazisha. Tulimutoa inje ingali inalia.

Bakamumwangia maji mu majani. Akafungua macho. Akatuambia bote kama kosa ni yake, hakunigusa, mukono ilisahau, kifua ilimudanganya. Kesho yake akarudisha kanzu yake ya korale, ya kupasi, ya kukunja. Sasa njo uyue vile nakasirika. Djo anatembea na ile telefone soko nzima, anawekea bamama ya samaki basikie vile Papa Lazare alianguka, banapiga ulimi, banasema uzee haupige hodi. Nilimupasua shimishi ku mugongo, Djo, na nitamupasua ingine. Gisèle akaleta avoka ya kula kwetu, akaniambia pole, na macho ya kuloa. Nikamuambia apeleke avoka yake kwa mbuzi. Prof Nahum akanipa mwanzo ya wimbo. Ndiyo, yaya, ile niliitaka. Tukaingia tena tanki, Djo akakamata wimbo mupya, Bukama balikubali, tutaenda. Minyi njo Jua. Kila repetisyo, tukijizoeza, nafungua kinywa, na noti inatoka, kubwa, na naichukia.

Lakini mwenye kunikasirisha kuliko bote ni Papa. Unakumbuka asubui, vile alikuwa anabrosha viatu yake na kuimba chini chini, mpaka kopo ku meza inatetemeka? Sasa anabrosha tu. Unasikia burashi, inaenda, inarudi. Kiisha anashika kiwiko yake, anaifinya, anaiangalia sawa chombo aliazimisha muntu na bakamurudishia ya kuvunjika. Yuzi ku chakula aliniuliza polepole kama alinipa chumvi, ao aliwaza tu. Chumvi ilikuwa mu mukono yangu. Nilitoka mbio, nikapiga teke ndoo ya Mama. Anipige basi! Anitukane! Ananiambia tu, Nyembo, kula vizuri, Bukama ni mbali.

Usimupeleke ku foto, yaya. Foto haitaonyesha kintu. Kifua ya Papa yetu iko ngumu kuliko ile tanki. Ilibeba Jua peke yake mpaka miguu ikakataa, na kifua yake ilikuwa ingali inaimba. Alinigusa. Nilikuwa inje, nimekula hewa, nimejaa, na kiwiko yake ikakuja ku mbavu yangu. Nikasema mu roho: mbuzi ya mu muhogo, eh? Basi ngoja kidogo, karani. Akanigusa tena, na nguvu. Nikaangalia shingo ya Gisèle. Nilitaka tu akatike kidogo, pumzi moja, bote basikie ni nani hana subira. Sikuyua kama hatakatika. Sikuyua kama kuna muntu anaweza kuanguka kuliko kuacha noti. Telefone ya Djo ilikamata yote, ata kikohozi ya Mama Abigaïl, lakini kiwiko haina sauti. Prof anasema kila kintu yenye kusogea inasukuma hewa, ni masikio yetu njo haitoshi. Yangu ilitosha. Ningali naisikia.

Naandika, situmi vocal, juu weye tangu utoto ukisikia tu sauti yangu unayua nimevunja nini. Kapenda wa treni atakuletea barua hii na samaki ya kukausha ya Mama. Uhesabu mikia, juu Kapenda naye iko na kinywa. Nisalimie shemeji. Umufinye Shekina shavu kwa jina yangu. Baambie bastar ya Lubumbashi balale tu, leo sibatishe. Mama anakusalimia. Papa anakusalimia, iko ku chumba ya pembeni, nasikia burashi. Mungu akulinde ku kazi yako na ku njia zako.

Bado kintu moja, niliikimbia tangu mwanzo ya karatasi. Wakati Papa alifungua macho mu majani, mbele ya kushika kichwa, mbele ya kuomba maji, aliniuliza minyi, polepole, kama alinigusa. Bote balikuwa banasikiliza. Nikamujibu: Papa, haukunigusa. Akaangalia mukono yake, akaniamini.

Mudogo yako,
Nyembo