Diski Kumi na Tatu kwa Ndugu Wanne

Élisabethville, Jumamosi, siku ya posho, mchana

Baba,

Kesho, siku ya Mungu, tunamaliza kilio chako. Mwaka umetimia. Ndugu zako wanne watakuja na nguo zilizopigwa pasi, watasema ulikuwa mtu wa watu, na mimi nitakuwa nawaangalia midomo. Nimechukizwa, Baba. Nilitaka kuanza kwa salamu lakini salamu zimekataa kutoka. Basi naanza na hesabu, kwa sababu wewe ulinifundisha hesabu kwa diski za fono, gramafoni yako, kabla masista hawajanipa kitabu.

Diski kumi na tatu. Pande ishirini na tano, maana ile ya mwisho mgongo wake ni laini, hauna wimbo. Kila upande dakika nne, na dakika moja ya kugeuza, kubadili sindano na kuzungusha mkono wa fono. Masaa mawili na dakika tano. Ndio urefu wa ule mchezo wa kuimba aliokuachia yule Mwitaliano wa reli, siku alipofunga masanduku yake kurudi kwao akaona hawezi kuubeba. Alikuhadithia upande kwa upande wanaimba nini, nani anampenda nani, nani amemdanganya nani, na wewe ukanihadithia mimi.

Unakumbuka watu wa kambi ya reli walivyokucheka? Wewe umerudi kutoka misa, umevua viatu, unaweka diski ya kwanza, na jirani anapita dirishani: "Muzee iko nasikiliza bazungu banalia!" Uligeuza diski tu, mpaka ukainua kidole, nami nikajua tunafika upande wa kumi na tisa, pale mwimbaji mwanaume anapovuta pumzi kabla ya kupanda juu. Pumzi yenyewe inasikika. "Sikia," ulisema. "Huyu muntu iko nachoka sawa siye." Wewe uliyetupa makaa ndani ya moto wa treni miaka yote ile, ulijua pumzi ya mtu anayefanya kazi. Na mimi nikikuomba turuke tufike kwenye sehemu tamu, ulikataa. Ulisema hao watu waliimba yote, na sisi tutasikiliza yote.

Bon, basi. Ulizikwa. Siku ya tatu ndugu zako wakafungua sanduku la diski zako.

Diski za tango, za kucheza, wakagombania. Kinanda cha mkono cha Wafaransa wakagombania zaidi, maana kinachezeka baa. Nyimbo za Napoli zenye mandolini, yule Mjerumani wa piano uliyesema ana vidole ishirini, bendi ya matarumbeta ya Wabelgiji, vyote vikaenda, huyu moja, yule moja. Hizo sizililii. Kila diski pale inajitosha yenyewe. Lakini walipofika kwenye zile kumi na tatu, baba mudogo Anakleti, mdogo wako wa damu, akasema: "Tugabule sawasawa, kusiwe na kelele." Kumi na tatu kwa wanne. Tatu, tatu, tatu, tatu. Hata kwa mpangilio hawakugawa, walichukua tu kama wanachukua viazi. Ikabaki moja. Akaigeuza, akaona mgongo laini, akacheka. "Hii inaharibika. Upande moja tu njo iko na muziki. Mupe mutoto mwanamuke."

Ndivyo nilivyorithi mwisho, Baba. Mwisho peke yake.

Na nikuambie kinachonichukiza kuliko Anakleti. Mimi nilikuwa pale. Nilikuwa nakunja mashati yako. Nilijua zile kumi na tatu ni kitu kimoja, mimi peke yangu katika nyumba nzima nilijua, na nikaendelea kukunja. Mkono mmoja, mkono wa pili, kola juu.

Kwa miezi miwili niliupiga ule upande mmoja kwenye fono niliyojitafutia mwenyewe kwa kushona sare za watoto wa shule. Mwanamke analia, watu wote wanaimba pamoja, kwisha. Analilia nini? Ukiingia kwenye kilio bila kujua nani amekufa, hata machozi yanakataa. Mwisho wa miezi hiyo ndipo nilipofunga mashine ya kushonea nikaanza kuzunguka kuzitafuta nyingine.

Shangazi Veronika, yule wa mtaa wa Katuba, alifunikia mitungi ya maji diski zake zote tatu. Nilimpelekea vifuniko vitatu vya bati akanipa bila shida, akashangaa tu: "Weye, hata weye unapenda ile makelele?" Mke wa binamu yako aliweka moja juu ya moto mpaka ikalegea, akaikunja pembeni, ikawa bakuli la karanga. Bakuli, Baba! Diski ya nne! Tundu la katikati ameziba kwa nta ya mshumaa wa kanisani. Nilikaa nikala karanga zake mpaka zikaisha, nikaomba bakuli. Nyumbani nikaipasha maji ya moto, nikaibana kati ya vioo viwili, pasi ya makaa juu yake. Imelala. Sauti inayumba kidogo kama mtu aliyetoka baa, lakini maneno yote yamo. Mbili zao zingine, na tatu za ndugu yako wa nne, nilizipata bila taabu.

Nikaenda hata mjini, kwenye duka la fono. Nilivaa gauni la bluu ulilolipenda. Madamu wa dukani akanionyesha kwanza muziki wa kucheza, hakuniuliza nataka nini. Nilipomtajia jina la mchezo na kwamba nataka diski ya saba tu, alinitazama kuanzia viatu. Akasema hawauzi vipande, kitu hicho kinauzwa kizima au hakiuzwi. Nilitoka nimeona haya mpaka masikioni. Si kwa dharau yake, hiyo nimeizoea. Niliona haya kwamba mwanamke asiyekujua alijua kile ambacho watu waliokula sahani moja nawe hawakujua.

Maana ile diski ya saba ilikuwa kwa Anakleti. Mbili zake alinirudishia nilipomshonea suruali. Lakini hiyo aliipigilia kwenye mlango wa baa yake, misumari minne katikati ya mistari, iwe urembo. Jua la Oktoba likaikunja, ikapasuka vipande vitatu. Nilisimama mbele ya ule mlango. Naye anacheka: "Mwanangu, si iko zingine kumi na mbili?"

Ndiyo. Ziko kumi na mbili. Ulinipa hesabu, Baba, na hesabu hii haifungi.

Nilifikiri kuacha. Wiki nzima nilifikiri niwape tu bukari, ugali wetu, na samaki, wale, waende zao. Jana nikaamua. Kesho viti vitapangwa kwenye chumba kikubwa. Sufuria zitabaki jikoni, zimefunikwa. Nitawahadithia kwanza, kama ulivyonihadithia, nani anampenda nani. Halafu nitaweka diski ya kwanza, na hakuna atakayekula mpaka upande wa ishirini na tano umekwisha. Tukimaliza ya sita nitainua sindano na kuacha fono izunguke tupu, saa yako mkononi, kwa dakika nane. Nane kamili, nne na nne, pande mbili za ile iliyopasuka. Wakae nazo. Wasikie mbu, wasikie matumbo yao. Najua Anakleti hataweza kuvumilia hata tatu, atauliza: "Imekufa?" Nitamjibu kwa heshima, maana ni baba mudogo: "Hapana, baba mudogo. Hii njo ile ya mulango yako."

Halafu nitaendelea na ya nane.

Sijui kama wataelewa. Labda watatoka wamekasirika na njaa tu, na Katuba nzima itasema binti yako ana kichwa kigumu. Waseme. Mashati yako sikuyakunja tena tangu siku ile. Yametundikwa.

Kaa vizuri huko uliko, Baba, miguu yako ipumzike mbali na ule moto wa treni. Nakuahidi kitu kimoja, na hiki sitakinyamazia: kesho kiti changu mimi kitakuwa mlangoni, na atakayetaka kutoka kabla haijaisha itabidi aniambie usoni kwamba amekuchoka.

Binti yako,
Monika