Zamu Yangu kwenye Bao la Eliaichi

Jumatano, 10 Septemba

Eliaichi amekufa. Jana mchana. Presha. Mie nilikuwa saiti Mbezi Beach nabeba zege, simu nimeiacha kwenye shati, shati liko juu ya mbao. Jirani yetu Mwajabu kapiga mpaka kachoka. Nimefika nyumbani, wameshampeleka hospitali. Nimefika hospitali, wameshamfunika.

Mke wangu. Mtoto hatukupata. Nimebaki mwenyewe.

Naandika kwa sababu nikiongea sauti haitoki.

Ijumaa, 12 Septemba

Tumezika. Hapa hapa Bunju. Ndugu zake walitaka apelekwe kwao Mwanga. Nikasema ni mke wangu wa ndoa ya kanisani, atalala karibu na mie. Shangazi yake Genoveva ndiye mkubwa wao hapa Dar. Kanitazama viatu tu.

Mchungaji kasoma wasifu. Kasema marehemu alikuwa injinia wa kompyuta, mtu ukilipia bili ya maji kwa simu, programu ile kaiandika yeye na wenzake. Watu wakageuka kuniangalia. Najua wanachowaza. Huyu saidia fundi alimpataje?

Alinipata yeye. Alikuwa anajenga nyumba hii, mie nachanganya zege. Anakuja na laptopu yake, anakaa juu ya matofali, anaandika kazi za ofisi, vumbi lote lile. Siku moja kaniuliza, unajua bao? Nikasema najua. Nilikuwa sijui. Kanifunga mbele ya mafundi wote! Toka siku hiyo akawa ananiita Saidia. Hata ndani ya nyumba. Saidia, njoo ule.

Wasifu haukutaja bao. Haukutaja pilipili zake kwenye ndoo za rangi nilizokuwa namletea. Kazi tu. Utafikiri hakuwa na kitu kingine.

Jumamosi, 13 Septemba

Leo nimeharibu.

Wanaume tunalala nje kwenye mikeka, wanawake ndani. Jioni Mzee Jabiri kaja na bao lake, watu wa msiba wasisinzie mapema. Mzee huyu mtu wa pwani, Muislamu, kijiwe chake kiko pale kwenye duka la mkaa. Eliaichi alikuwaga anakwenda kucheza nao kila Jumapili akitoka kanisani. Mwanamke peke yake. Walikuwa wanamtania, injinia, nyumbani kwako hakuna jiko? Anawala kete zote, wananyamaza. Mzee Jabiri kasimulia siku aliyofungwa na Eliaichi mara tatu mfululizo mpaka akasusa chai. Watu wakacheka. Na mie nikacheka. Halafu nikaona aibu.

Nikatoa simu ya Eliaichi mfukoni. Humo ndani ana bao lake. Kalitengeneza mwenyewe, siku za mapumziko, si la ofisi. Unacheza na simu, simu inakujibu. Na kaweka sauti yake. Akila kete anakutania. Ukikawia anakuuliza. Lilikuwa la kwangu mie, nicheze nikiwa mwenyewe. Na kuna neno kaliweka mwisho, nitalisikia siku nikishinda. Nilimuuliza neno gani. Kasema shinda, utasikia. Miaka miwili. Sijashinda hata mara moja.

Tulikuwa na mechi humo, mie na sauti yake, tuliianza wiki iliyopita. Nikaifungua niitazame tu. Sikujua sauti iko juu.

"Saidia, umelala? Cheza basi!"

Imesikika mpaka ndani. Wanawake wakapiga yowe. Mwajabu kamwaga uji. Mzee Jabiri kashika kichwa. Shangazi katoka, khanga moja kiunoni, kasimama juu yangu.

"Mtoto ana siku moja chini ya udongo, wewe unamsemesha? Matanga hayajaanuliwa, unamsemesha?"

Kasema sauti ile ifutwe kabla ya kuanua matanga. La sivyo Eliaichi hatapumzika, na mie sitapumzika.

Jumanne, 16 Septemba

Tumeanua matanga. Nguo zimegawiwa. Shangazi kagawa vizuri, sina neno. Mwajabu kapewa kitenge cha kijani. Mie nimebaki na sweta lake, alilokuwa anavaa akifanya kazi usiku simu ya ofisi ikimuita.

Halafu mbele ya wazee wote kasema, na ile simu ilete. Nikamjibu simu ni ya ofisi, si ya kugawa. Ni kweli. Wazee wakasema basi, ya ofisi ya ofisi. Nikapona hapo.

Maana yake lakini ofisi watakuja kuichukua.

Ijumaa, 19 Septemba

Wamekuja. Kijana anaitwa Allen, walikuwa wanakaa meza moja na Eliaichi. Kaniamkia shikamoo, kakaa, kalia. Nimempa maji. Kasema kazini mtu akikwama walikuwa wanasema muulize Eliaichi. Sasa wanakwama tu.

Kachukua laptopu. Simu nikaishika. Kaniona mkono unavyoshika. Kasema braza, simu zikirudi zinafutwa zote, ndo utaratibu. Nikamuonyesha bao. Kajaribu kulihamisha, kahangaika karibu mpaka adhuhuri. Haliwezekani. Eliaichi kalifunga kwa namba yake ya siri, na namba kaondoka nayo.

Kasema basi tucheze, arekodi sauti yake kwenye simu yangu, niwe naisikiliza. Nikakataa. Kashangaa. Nikamwambia hiyo ya kurekodi haitakuwa inanisubiri nicheze. Sauti isiyonisubiri ya nini?

Kasema atasema ofisini hajanikuta na simu. Kaniachia mpaka Jumatatu asubuhi.

Jumamosi, 20 Septemba

Mzee Jabiri kaja kunijulia hali. Nikamuonyesha mechi. Kaitazama, kaizungusha simu, katazama tena. Kasema, "Lete nikumalizie, baba. Hapa huyu mtoto kabanwa."

Nikamnyima. Kacheka, kasema sawa, basi usikurupuke. Kasema Eliaichi alikuwa ananifunga kwa sababu nabeba kete kama nabeba ndoo za zege, nikishika tu nataka kutua.

Nimecheza zamu mbili leo. Polepole. Ya pili nimekula kete nyingi. Eliaichi kaguna kwenye simu, "Ebo, Saidia!" Hiyo sijawahi kuisikia. Nilikuwa sijawahi kumla kiasi hicho.



Jumapili, 21 Septemba

Kanisani sijaenda. Nimemwagilia pilipili. Moja imeiva, sijaichuma.

Mchana kaja shangazi, peke yake. Nikajua ni ishu ya simu. Kaniuliza ile sauti bado ipo? Nikasema ipo, mpaka kesho, kesho wanaichukua wanafuta, utapata unachotaka. Nimemjibu vibaya. Hakukasirika. Kakaa juu ya ndoo tupu ya rangi. Halafu kasema, "Hebu nisikie."

Nikafungua, nikaacha bila kucheza. Tukasubiri.

"Saidia, umelala? Cheza basi!"

Shangazi kacheka. Kaziba mdomo na khanga. Kasema alikuwa na mdomo, huyo, tangu hajaota meno. Kasema niiache iseme tena. Tukasubiri tena. Tumesikiliza hivyo mara nyingi. Machozi yanamtoka, hayafuti.

Akiondoka kasema kesho niirudishe. Hakusema ifutwe. Kaniita baba. Ndo mara ya kwanza.

Saa kumi nimekaa kibarazani, nimelitazama bao. Mstari wake wa mbele umebaki shimo moja lenye kete. Moja tu. Kwenye bao ukimaliza kete za mbele za mwenzio, kashindwa. Nikahesabu kwa kidole bila kugusa. Nikahesabu tena, nisikurupuke. Ni kweli. Nikiokota shimo langu la tatu, nazila zote. Amekwisha.

Miaka miwili!

Kidole nimekiweka juu. Halafu nikawaza, nikicheza atasema neno lake. Akishasema, hana tena cha kunisubiria.

Kaniuliza kama nimelala. Nimemjibu niko macho.

Sijacheza. Giza linaingia, simu iko kwenye chaji, bao liko wazi. Kila nikikawia ananiita. Allen atapita asubuhi, kabla sijatoka. Ndoo yangu na buti nimeweka mlangoni. Kesho narudi kazini.