Stesheni ya Makindu Nyuma ya Nyumba Yetu

Baba,

Tangu tukuzike Kitui sikuweza kufungua mlango wa nyuma. Nilikuwa natoka kazini saluni, hapa mtaani 56, naosha vyombo, nalala. Reli yako ndogo uliyoijenga bustanini ikabaki pale katikati ya sukuma wiki, majani yakaifunika.

Kisha landlord akaja. Alitupa pole, akanywa chai, halafu akasema hapo kwa bustani anataka kujenga vyumba. Sikubishana. Ploti ni yake. Lakini alipoenda nilitoka huko nyuma nikalia, Baba. Nililia vile sikulia tukikuzika.

Jumapili nikaita watu waione mara ya mwisho. Wenzako uliokuwa ukigonga nao mabati Kibera walikuja wote, hata Musyoka na mguu wake mbaya. Majirani wakajaa mpaka kwa kamba za nguo. Nilidhani nitawatembeza mimi. Nikapangusa reli, zile nyaya ulizozinyoosha kwa nyundo, nikatia betri, nikashika treni yako ya mikebe.

Mama akaichukua mkononi mwangu.

Unajua vile alikuwa anasema: "Baba Mueni, hiyo treni yako itatulisha? Si inamaliza shamba langu!" Miaka yote nilijua haipendi. Sasa akachuchumaa, akaiweka relini, ikaanza kwenda. "Hapa ni Nairobi. Hapa Athi River. Muone hilo daraja, ni vyuma vya mwavuli wangu. Sultan Hamud. Emali..." Hakukosea stesheni hata moja. Anaifuata kwa magoti, leso inaburuta kwa matope, na watu wanamfuata nyuma.

Alipofika Makindu akainyanyua treni. Pale kuna kamwanamke ka waya, kamebeba kikapu. Mimi nilidhani ni pambo tu.

"Huyu ni mimi," Mama akasema. "Nilikuwa nauza machungwa kwa madirisha ya treni. Baba Mueni alinunua moja, akashuka akasema anataka lingine. Treni ikaenda, ikamwacha."

Watu wakacheka. Mama pia akacheka, halafu akalia, tukamwacha alie.

Baba, mbona hamkuwahi kuniambia?

Kesho yake tuling'oa reli pole pole, Mama ameshika gunia. Sasa mafundi wa landlord wanachimba msingi, na vumbi linaingia mpaka kwa sufuria. Saa zingine nasikia kitu kikigonga, nageuka nikidhani ni wewe.

Disemba tunaipeleka nyumbani Kitui. Mama ameshachagua mahali, chini ya dirisha la jikoni. Musyoka ananifunza kulehemu. Nimeungua vidole, na viungo vya nyaya ninavyounga bado vinaachana. Yeye anasema hata vyako vilikuwa vinaachana mwanzoni.

Ulikuwa umeijenga mpaka Voi ulipougua. Pumzika sasa, Baba. Mama niachie mimi. Na hiyo reli, nakuahidi, nitaifikisha Mombasa.

Binti yako,
Mueni