Kanyaga, Mama

Kenyamonta, 3 Machi 1975

Mkwe wangu Nyamhanga,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, mahindi yamefika magotini. Wewe huko gereji Tarime sijui unaendeleaje na kile kikohozi. Usishtuke kuona mwandiko huu, ni wangu mwenyewe. Darasa la watu wazima limenifundisha. Mwalimu amesahihisha herufi, maneno hakuyagusa. Tangu umwoe Gati wangu hatujasemezana. Ukiniona njiani unakatiza shambani, nami nageuzia uso ukutani, ndivyo adabu ya mkwe na mama mkwe inavyotaka. Lakini karatasi haina uso, basi nasema.

Gati, uliyemleta kwangu ajifungulie hapa, mkunga amempapasa akasema mtoto amelala upande. Lazima azalie hospitali, Mugumu. Gari ni moja tu, ile pikapu kuukuu ya kijiji, na imegoma. Gurudumu la mbele la kulia linashika lenyewe, linatoa moshi na harufu ya kuungua. Tena breki ni ngumu kama kukanyaga jiwe. Dereva wetu Nashoni anasema gari limechoka. Kamati inasema lingoje mavuno. Mtoto hatangoja mavuno. Nifanye nini?

Mama yake Gati,
Efrazia

Tarime, 9 Machi 1975

Mama,

Shikamoo. Kikohozi kimepona, hofu yangu iko kwenu tu. Barua yako nimeisoma nimesimama, kukaa nimeona si adabu.

Hayo ni magonjwa mawili, yasichanganywe. Breki kuwa ngumu ni habari ya busta, lile kopo kubwa jeusi mbele ya dereva. Linausaidia mguu kwa upepo unaovutwa na injini. Nashoni azime injini, akanyage breki mpaka iwe ngumu, asiondoe mguu, kisha injini iwashwe. Breki ikizama kidogo, busta ni nzima. Ikikaa palepale, asikilize upepo unavuja wapi.

Gurudumu nalo, likishashika, aliinue kwa jeki alegeze ile skrubu ndogo ya kutolea upepo. Mafuta yakiruka na gurudumu likazunguka, basi mafuta yanakwama njiani, hayarudi. Lisipoachia, ni kutu ndani ya silinda. Asigonge kitu kwa nyundo. Na Gati asipandishwe humo kabla sijajua. Sina raha, mama.

Mkweo,
Nyamhanga

Kenyamonta, 15 Machi 1975

Mkwe wangu,

Marahaba. Huku tunasukuma siku. Nashoni aliicheka barua yako, eti daktari gani anamtibu mgonjwa asiyemwona. Nikamwambia anipishe, nikapanda mwenyewe. Nilikanyaga mpaka pakawa pagumu, nikashikilia, naye akawasha kutokea dirishani. Mguu wangu haukuzama hata kidogo. Tukasikia upepo, ssss, kama wazee wanaovuta pombe kwa mrija. Unatokea kwenye mpira unaotoka kwenye injini kwenda kwenye lile kopo. Umepasuka.

Gurudumu tuliliinua, akalegeza skrubu, mafuta yakamrukia shatini, likazunguka vizuri kabisa. Nilipokanyaga tena likashika tena. Nashoni hacheki siku hizi.

Gati miguu imemvimba. Anakutaja. Usikawie.

Mama yake Gati,
Efrazia

Tarime, 20 Machi 1975

Mama,

Shikamoo. Umepima vizuri kuliko mafundi ninaowajua. Busta yenyewe nadhani haina neno, ni huo mpira wake wa upepo. Na mpira wa breki wa gurudumu lile umevimba kwa ndani: mafuta yanapita yakisukumwa, kurudi hayawezi. Nimepata mipira yote miwili, nitafika nayo Jumatano.

Tukishaifunga itabidi kutoa upepo kwenye breki. Kazi hiyo inataka watu wawili, mmoja chini ya gari anafungua skrubu, mmoja juu anakanyaga, wanaitana. Nashoni asikose. Na wewe, mama, nakuomba siku hiyo uwe shambani, nisije nikakukosea adabu.

Mkweo,
Nyamhanga

Kenyamonta, 14 Aprili 1975

Mwanangu Nyamhanga,

Salamu. Mjukuu wangu ananyonya, Gati anatembea mpaka kisimani. Kule hospitali ulimtazama mtoto wako kupitia dirishani, kwa sababu mimi nilikuwa nimekaa kitandani kwa Gati, kisha ukaondoka. Hujaandika tena. Gati analia, anadhani umemkasirikia. Mimi najua ni aibu, yako na yangu.

Acha niliseme, maana watu wanalisema vibaya. Asubuhi ile uliyokuja na mipira, Nashoni aliitwa mgambo. Wanaume walikuwa shamba la kijiji. Nikabaki mimi. Wewe uko chini ya gari, miguu tu inaonekana, nami niko juu nimejifunika kanga usoni. Gati akawa mjumbe wetu. "Mwambie mama akanyage." "Mama, kanyaga." Neno likinifikia, umeshachoka kungoja. Nikiachia, hujafunga skrubu, upepo unarudi ndani. Tulirudia mpaka jua likawa kali, breki bado laini kama uji. Kisha uchungu ukamshika Gati, akakaa chini, hana tena sauti ya kutupelekea maneno. Nilikusikia ukihema chini ya miguu yangu.

Ndipo uliposema, "Mama, kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

"Shikilia! Usiachie!"

"Nimeshikilia, mwanangu!"

Haikuchukua muda, ule uji ukaisha, mguu ukakutana na breki. Ukatuendesha kwenda Mugumu. Kwenye mteremko wa mto nilifumba macho, na gari likasimama uliposema lisimame. Daktari alisema tungechelewa kidogo tungewazika wote wawili.

Wazee wanasema tumevuka mpaka. Nimewajibu kwamba adabu naijua, nimeishika tangu ulipomwoa Gati, ila siku ile ningeishika ningemzika mwanangu. Inaniuma kwamba unajificha kwa sababu ya neno lililomwokoa.

Njoo umpakate mwanao. Kama aibu bado inakusumbua, ingia chini ya gari, mimi nitapanda juu, tuzungumze hivyo hivyo.

Mama yako,
Efrazia

Tarime, 22 Aprili 1975

Mama,

Shikamoo. Sijambo sasa. Barua yako nimeisoma nimekaa.

Nakuja Jumamosi. Mwambie Nashoni asiliondoe gari uwanjani.

Mwanao,
Nyamhanga