Damu Yako Waliyoipima Ilikuwa Yangu

Ndugu yangu wa kuchanjiana,

Anayekusomea barua hii huko kambini kwa wavuvi apaze sauti, wenzako nao wasikie. Mimi ndiye mwanamume pekee wa Ifakara asiyeijali sindano. Haya, uongo. Mtawa wa misheni alipoishika tu, ikabidi wanikalishe.

Lakini nilikwenda. Wewe je? Unaikumbuka ile homa iliyokukunja viungo ukawa unatambaa kwenda chooni, huku unanitukana kwa kukucheka? Jana yake ulikuwa umekula kwa mama mkwe wako, basi Katindiuka nzima ikasema kakulisha kitu. Daktari wa misheni yeye alishuku virusi, vijidudu vinavyoletwa na mbu, vidogo hata darubini yake haivioni. Akakutoa damu, akakuagiza urudi ukishapona akutoe tena. Ukaniambia, "Ya kwanza wameifanyia nini hata wataka ya pili? Nenda wewe. Damu yetu si moja?"

Nikaona una akili, kwa mara ya kwanza tangu nikujue. Si tulichanjana kifuani ujanani, tukala ini la kuku lenye damu zetu, ukatapika? Nikaenda, nikaitika jina lako.

Jibu likarudi kutoka mbali: ugonjwa ule haumo. Nduguzo wakafurahi. Kama si virusi, basi ni yule mama.

Jambo hilo likanikereketa. Nikarudi kwa daktari, nikamweleza yote, nikamuuliza imekuwaje damu yangu isiijue ya kwako. Nilidhani atanifukuza, akanivutia kiti. Kumbe, mwenzangu, wanapima kwa panya! Panya weupe, wanaolishwa vizuri kuliko mimi na wewe. Maji ya damu yako huchanganywa na ugonjwa wenyewe, panya akadungwa. Akifa, damu hiyo haiujui ugonjwa. Akiishi, damu ilishapigana nao na inaukumbuka. Damu ya siku za homa huwa haijajifunza bado, ndiyo maana wanataka na ya pili, walinganishe. Panya waliodungwa ya kwangu walikufa wote, pamoja na imani yangu kwa ini lile tulilokula.

Nikamuuliza kama kipimo kilidanganya.

"Kimejibu sawasawa," akasema, "ila kuhusu mzee mwingine."

Nikambana hapohapo: na kikipewa damu ya mgonjwa mwenyewe, hakikosei? Akakuna kichwa. Akasema hukosea, kuna magonjwa ya ukoo mmoja, na damu iliyomjua mmoja huweza kumwitikia nduguye. Nilimpenda kwa hilo. Waganga wetu hawajawahi kuniambia hawana hakika.

Sasa sikia. Pombe ya mama mkwe wako hainunuliwi tena. Wazee wamekubaliana mpunga ukishavunwa apelekwe kwa mganga, akanyolewe nywele kama mchawi. Juzi nilimkuta anapepeta mchele peke yake. Akaniuliza, "Mkwe wangu hajambo huko mtoni?" Nikamwambia nakuandikia barua.

Daktari anasema damu yako, kama ulikuwa ugonjwa ule, bado inaukumbuka. Ukija kuitoa, jibu atawaeleza wazee yeye mwenyewe. Hakuniahidi litakuwa jibu gani, nami siwezi kukuahidi wewe.

Nilidungwa kwa ajili yako na hujanilipa hata kambare mmoja. Nirudishie sindano yangu. Panda mtumbwi uje kabla mavuno hayajaisha. Mkono nitakushika mimi.

Ndugu yako wa chale