Kibuyu Nilichokipokea kwa Magoti

Kijiji cha Rwenkende,
S.L.P. 41,
Karagwe.
4 Septemba, 1988

Mpendwa dada Evangelina,

Shikamoo dada. Habari za huko Sengerema, na za pamba, na za shemeji na ule mguu wake? Immaculata na wadogo zake hawajambo? Sisi huku tunapumua. Telesfori ameota meno mawili, anauma kila kitu, hata mimi. Mvua imewahi mwaka huu na migomba imeinua shingo.

Najua utashangaa kupata barua nene kutoka kwangu, mimi ambaye nikiandika huwa naishia kwenye salamu. Tafadhali usiisome kwa sauti mbele ya watoto.

Ni habari ya Koku wangu. Pale kigangoni kwetu alikuja mtu anaitwa Leonsi, mwaka juzi, akajitolea kufundisha kwaya ya watoto. Hakuna aliyemuuliza ametoka wapi. Tulisema ana sauti nzuri na hadai kitu, basi. Mtu akijitolea kanisani kwetu hachunguzwi, anapigiwa makofi. Hata mimi nilipiga.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, mazoezi yalipokwisha, nilimtuma Koku ampelekee akamwani kule anakokaa. Unajua mwenyewe, mtu wa heshima hakosi kupelekewa kahawa ya kutafuna. Niliichemsha na majani yake ya harufu, nikaifunga kwenye jani la mgomba. Nikamwambia mtoto apige magoti akimpa, na akiambiwa aketi asikatae, maana kumkatalia mkubwa ni utovu wa adabu. Maneno hayo ni yangu, dada. Sina wa kumbebesha.

Leonsi alifunga mlango kwa komeo. Xaveria, jirani yetu msuka mikeka, alikuwa anapita na kuni, akasikia mtoto analia, akautikisa mlango mpaka ukafunguliwa. Koku alitoka amejikojolea. Mtoto wa miaka minane. Aliniambia mwalimu alimshikashika, akamwambia hiyo ni siri ya wanakwaya, na anayetoa siri ya kanisani anachomwa moto. Nilimpeleka hospitali ya Nyakahanga kwa miguu. Nesi akampima, akasema mwili hauna jeraha. Mwili. Tangu siku hiyo haimbi, hata akichunga mbuzi.

Mume wangu Projest alikwenda kwa mwenyekiti wa kigango, mzee Rweyemamu. Akaambiwa tutulie, mambo ya kanisa hayapigiwi ngoma. Tukatulia.

Baada ya wiki, mchana, wazee watatu walikuja kwa baba mkwe na kibuyu cha rubisi, ile pombe ya ndizi. Mimi nilikuwa naanika kahawa uani, nikadhani wamekuja kwa ugomvi wa mpaka wa shamba. Baba mkwe akaniita nipokee wageni. Nikapiga magoti, nikapokea kibuyu kwa mikono miwili, nikawatafutia mirija safi, nikawaambia karibuni wazee wetu. Wakanywa, wakaongea habari za bei ya kahawa, wakaaga.

Ndipo mama mkwe akaniambia, "Basi, mwanangu, yamekwisha. Ile ilikuwa ya Leonsi."

Hujasahau mila ya kwetu. Pombe ya kosa ikishapokelewa uani na kunywewa, kosa limezikwa, na atakayelifukua ndiye mkosaji. Baba mkwe alijua tangu mwanzo.

Lakini sikunyamaza. Nilichana karatasi kwenye daftari la Koku nikaandika nilivyoweza. Kwamba mtoto asibaki peke yake na mwalimu. Wakubwa wawe wawili na mlango uwe wazi. Mtoto asitumwe anakoishi mwalimu, hata kupeleka zawadi. Na anayejitolea aulizwe alikotoka, na wa huko nao waulizwe. Jumapili ibada ilipokwisha nikasimama nikasoma.

Mzee Rweyemamu akasema, "Binti, watoto wana sheria yao tayari. Wawatii wakubwa."

Mwingine akadakia kutoka nyuma, "Darasa la saba hilo! Kesho atatutungia amri ya kumi na moja."

Wakacheka. Na wanawake nao walicheka, dada, hicho ndicho kilichonichoma. Nikauliza, na Leonsi je? Mzee akaniangalia kwa upole kabisa, akasema, "Placidia, kibuyu alikipokea nani? Si wewe? Tena kwa magoti."

Nikakaa chini. Kama ningejua kilikuwa cha nini ningekipasua pale pale uani, hata kama baba mkwe angenifukuza.

Sasa sikia sababu ya barua hii. Mwezi uliopita nilisikia Leonsi ameondoka, nikashukuru Mungu. Juzi ndipo nikajua kumbe wazee wa kigango wamempa barua ya utambulisho yenye mhuri, inasema ni mwalimu hodari wa watoto na ana tabia njema. Amekwenda kwa kaka yake. Na kaka yake anakaa Sengerema, karibu na kiwanda cha kuchambua pamba. Huko ni kigango chenu. Pasaka uliniandikia kwamba Immaculata amepokelewa kwenye kwaya.

Ni mrefu, ana pengo la jino la juu, hucheka akiinamisha kichwa, na mfukoni hakosi peremende. Jina anaweza kubadilisha, pengo hawezi.

Mtoe Immaculata kwenye mazoezi leo hii, usingoje Jumamosi. Halafu mpelekee Padri wenu barua hii aisome yote. Usiende peke yako, chukua akina mama wenzako. Akitaka shahidi, Xaveria amekubali kusema, na mimi nitakuja hata juu ya lori la mizigo na Telesfori mgongoni. Na mtu yeyote akikuletea kitu nyumbani, iwe kuku, iwe soda, muulize kwanza ni cha nini. Usimwonee haya.

Projest hakunituma kuandika wala hakunikataza. Aliniona na karatasi, akatoka, akarudi na stempu mbili, akaziweka mezani. Yule ni mtoto wa baba yake, lakini stempu alinunua.

Huku kwaya ya watoto inafundishwa na Anatolia, dada yake katekista. Kila Jumamosi mimi, Xaveria na Mukabera, yule mama wa Kinyarwanda anayepakana nasi, tunakwenda na maharage yetu, tunakaa mlangoni kuyapukuchua mpaka watoto watoke. Hatukuomba ruhusa. Wanaume wakipita wanatuita polisi wa maharage, na Mukabera huwajibu, "Njooni basi mkamatwe!" Jumamosi hii tulikuwa saba. Wawili kati yetu ni wale waliocheka. Koku alikaa ubavuni kwangu. Kuimba hakuimba, ila niliona kidole cha mguu kinapiga mdundo, nikajifanya sioni.

Nisalimie shemeji, na Immaculata mbusu kwa ajili yangu. Mama anakusalimu, na Joviana mdogo wetu, aliyepata mtoto wa kiume mwezi uliopita. Xaveria anakusalimu ingawa hamjuani. Nijibu upesi hata kwa mistari miwili, nijue imefika.

Mungu awalinde watoto wako, dada. Lakini kazi ya kukaa mlangoni usimwachie yeye peke yake.

Mdogo wako akupendaye,
Placidia, mama Koku