Nani Alimtaja Yazeed

Ibra,
Jumamosi, 12 Oktoba 2024

Kaka Marhoun,

Shikamoo. Usipoitika si kitu, nshazoea. Nakuuliza hali kwa sababu ndivyo alivyotufunza Mama, na kwa sababu binti yangu Rawya ameniambia sukari imekupanda na daktari amekukataza wali. Mwenyezi Mungu akuafu. Sie huku Ibra hatujambo. Mke wangu mgongo unamsumbua lakini anasimama, na mitende ya nyuma ya nyumba imezaa vizuri mwaka huu. Barua hii nimempa Rawya akuletee mkononi huko Sur, maana simu yangu umeifunga toka matanga ya Mama, uliposema mbele ya watu kwamba mie nlikaa ndani kama mwari wakati wenzangu wako juani. Isome mpaka mwisho. Baadaye ukitaka kuichana, chana. Na Kiswahili changu unakijua, ukikuta kosa cheka, hiyo ndiyo raha yako.

Nimesikia ulivyomfanyia Yazeed. Nimeisikia kwa watu wanne na wote hawakupishana. Katoka Firq Ijumaa ya wiki iliyopita na mwanawe Maen na jamaa zake, amevaa joho, amekuja kumposea Maen binti yako Israa. Kahawa ikamiminwa, akakiweka chini kikombe kama desturi yetu, mwenye haja hanywi mpaka ajibiwe. Ukaiacha ikapoa. Watu wazima wamekaa kwenye sabla yako ya wageni wanatazama zulia, halafu ukamwambia anywe au amwage, ni shauri yake, lakini mtu aliyemuuza mwenzake hapati mtoto nyumba hii. Na hukutosheka. Ukaongeza kwamba watu wa Bara ndio walivyo, si kama sie wa visiwani, wanakula na wewe huku macho yao yako kwenye vijiko vyako. Mtu ana miaka sitini, Marhoun. Alitoka kwako anatafuta viatu vyake havioni.

Israa alikuja kwangu siku ya pili. Hakulia, na hilo ndilo lililonitisha. Kasema umempa achague, baba au Maen, na yeye keshachagua kutochagua. Anakusubiri mpaka mwisho wa mwezi, na usipolegea atakwenda mahakamani kushitaki kwamba babake anamzuia kuolewa bila sababu ya sheria. Atasimama na wewe mbele ya kadhi, na kadhi atakuuliza sababu, na wewe utasema nini? Utasema Yazeed ni msaliti. Utalisema kwenye mahakama, liandikwe. Hilo ndilo limenikalisha chini na kalamu.

Nakukumbusha mwaka ule wa 2011, maana naona wewe umebakisha unayoyataka tu. Mlipiga mahema pale raundabauti Sur. Wewe na Yazeed mlikuwa walimu wa skuli moja, na mlikuwa hamtengani hata kwenda kununua mkate. Majirani wakileta masufuria ya chakula, wengine wali wa arsia, wengine harisi, watu wanakula pamoja waliokuwa hawaamkiani. Mlitaka vijana wapewe kazi, mishahara ipande, wakubwa waliokula mali ya umma watolewe, na lile baraza la Majlis Shura liwe na kauli, lisiwe la kukaa na kunywa kahawa tu. Yazeed ana mwandiko mzuri, yeye ndiye aliyekuwa akiandika makaratasi ya madai, na akipanda gari mpaka Bidbid kwenda kutoa kopi, kwa sababu pale njia panda wanapita watu wa kila upande na mwenye duka hamjui mtu.

Ulinipigia simu nije. Nkakataa. Nkakwambia mambo haya hupewa mtu kutoka juu kwa hisani, hayanyakuliwi barabarani. Ukanambia mie ntakufa na muhuri mkononi, na ntazikwa nao.

Sikuwahi kukwambia hili, na linaniuma kukwambia leo maana utavimba kichwa: ulikuwa na haki. Mie nlikuwa karani, mafaili yanapita mikononi mwangu, nlikuwa nayaona. Kulikuwa na maombi ya vijana wa Wadi Bani Khalid, wana vyeti vyao, yamelala kwenye kabati miaka mitano, vumbi lake ukilipuliza unapiga chafya. Mahema yenu yalipofika wiki ya pili mudiri wetu, mkuu wa ofisi, Khalaf, alitoka chumbani kwake mwenyewe, mtu ambaye akitaka maji hupiga kengele, akaja kuyabeba kabatini kwa mikono yake. Yakatiwa saini yote kwa siku tatu. Hakuna aliyekuwa na huruma zaidi kuliko mwezi uliopita. Walikuwa na hofu ya raundabauti. Baadaye ndio yakatangazwa yale makubwa, mawaziri wakabadilishwa, ajira zikafunguliwa, Majlis ikapewa uwezo ambao haikuwa nao, na watu wakasema ni hisani. Mie nliyekuwa nashika makaratasi nlijua ni nini. Rawya uuguzi wake ameupata katika ajira zile. Nimekula matunda ya jua lenu na mie sikupigwa hata na joto.

Sasa tuje kwenye lako.

Mlikamatwa. Yazeed kwanza, kwenye njia ya Bidbid, makaratasi yako kwenye kiti cha gari. Wewe siku ya pili yake. Ulikaa miezi mitatu, yeye akatoka siku kumi na mbili kabla yako. Ulipotoka ulikuja hapa kwa Mama, ukasema kule ndani walikuuliza habari za Mkia. Mkia nani, anafanya nini. Na jina hilo halijui mtu, maana ni la nyumbani, Mama ndiye aliyempa Yazeed alipokuwa kijana kwa vile alivyokuwa akikufuata nyuma. Ukapiga hesabu mbele yetu kwa vidole. Anayelijua ni wewe, ni Mama, ni Mkia mwenyewe. Wewe hukusema, Mama hakusema. Basi ni Mkia, kajitaja na kukutaja, ndio maana katoka mapema. Mama akakubali. Toka siku ile Yazeed akija Idi mlango haufunguliwi, na Mama, aliyekuwa akimwekea ukoko wa wali kando, amekufa hajamjibu salamu yake. Wewe ukarudishwa kazini msamaha ulipotoka, watu wakakuita mwalimu wa watu. Yeye wenzake hawakumtaka, akaacha kusomesha, akenda Firq kutengeneza viyoyozi vya watu.

Vidole vitatu. Mie nlikuwa nimekaa pale pale, nimeshika sinia ya chai. Hukunihisabu. Nimekulia nyumba ile, jina la Mkia nimelisikia jikoni mara elfu, na ulipohisabu wanaolijua hukunipa kidole.

Ni mie, Marhoun.

Ngoja, isome ilivyokuwa. Mahema yakiwa bado yapo, mudiri aliniita chumbani kwake. Wamekaa watu wawili siwajui, na kompyuta. Mudiri akasema kwa Kiarabu, huyu ni Zinjibari, asili yake visiwani, anajua lugha yao. Mmoja akanivisha yale mambo ya masikioni na akanambia nisikilize kisha nimwambie wanasema nini. Nkadhani ni watu wa mbali. Neno la kwanza lilikuwa kikohozi, nkakijua. Alikuwa Mama. Na wewe upande wa pili.

Kila siku ulikuwa ukimpigia Mama simu ukimwambia kila kitu. Nani yuko, nani anakuja, kesho nini. Hukuwahi kufikiri? Mlikuwa mnaogopa kusema Kiarabu mbele ya muuza juisi, halafu mnafungua kinywa kwa Kiswahili kama mmejifungia chumbani. Sote tulikuwa na ujinga huo, wa kudhani Kiswahili kina kitasa kwa ndani. Nchi nzima hii wamejaa watu wanaokisema, na mmoja wao alikuwa ndugu yako, karani.

Mwanzo nilitaka kusema sifahamu. Wallahi nilitaka. Ningesema mie nimeletwa huku mtoto mchanga, Kiswahili changu kibovu, na wewe mwenyewe ungekuwa shahidi, si umenicheka maisha yangu yote. Lakini Mama akakwambia umwite Amur, ndiye mie, aje akusaidie, na wewe ukamjibu asiniambie kitu. Ukasema mie nikisikia honi ya polisi natafuta choo. Ukasema mtu wa muhuri, hata ukimpa siri hajui kuibeba, na Kiswahili chenyewe kinamshinda. Na Mama akacheka. Kicheko kile chake cha kujizuia na kitambaa. Akasema mwache mwanangu, ndivyo alivyoumbwa.

Yule mtu alikuwa ananitazama uso. Akasema, wanacheka nini. Ikabidi nilitafsiri tusi langu mwenyewe, neno kwa neno, na yeye akatabasamu akaandika. Akauliza huyo Amur nani. Nkasema simjui. Ofisini mie najulikana kwa jina la babu na kabila, yule mtu hakuwa na habari, na mudiri alikuwa anatazama dirishani. Kisha akauliza huyo Mkia anayekwenda Bidbid kesho ni nani.

Nshasema simjui mara moja. Kusema mara ya pili kulikuwa na uzito gani? Lakini kicheko cha Mama kilikuwa bado kimo masikioni, na nilitaka mtu mmoja katika dunia hii ajue kwamba mie nafahamu Kiswahili vizuri, nafahamu kila kitu, hata majina ya jikoni. Nkamwambia. Jina lake, babake, skuli anayosomesha, na kwamba mwandiko wa makaratasi ni wake. Nilijikana mie, yeye sikumkana.

Hakuna aliyenipiga wala kunitisha. Chai waliniletea. Miezi sita baadaye nkapandishwa daraja na sikuuliza kwa nini.

Utaniuliza kwa nini nlinyamaza miaka kumi na tatu. Kwanza kwa woga, hapo ulisema kweli. Halafu kwa Mama. Halafu, nikwambie ukweli maana leo nimeshakaa uchi, kwa sababu nilikuwa napenda kukuona umekosea. Wewe mwalimu wa watu, unayejua kila mtu alivyo, umemfungia mlango rafiki yako na unakula kwangu Idi. Nilikuwa nakupakulia nyama na moyoni nacheka. Furaha chafu, lakini ndiyo niliyokuwa nayo. Mama alipokufa ikageuka, kila nikilala nakisikia kile kikohozi. Nakuomba radhi. Na bado nina hasira na wewe, sitakuficha. Sijui hasira hii niiweke wapi.

Jumatano nilikwenda Firq. Nilitaka Yazeed asikie kwangu kabla yako. Nikamkuta kwenye gereji yake amechuchumaa, ana kiyoyozi cha mtu kimefunguliwa matumbo, hakusimama kunipa mkono. Nikamwambia nimesimama vivyo hivyo, yote, kama nilivyokwandikia. Hakuniuliza kwa nini. Aliuliza kitu kimoja tu, kama Mama alisema lolote juu yake katika simu ile. Nikamwambia alisema: muulize Mkia kama kala. Akaenda kunawa mikono, akanawa mpaka nikadhani amenisahau.

Aliporudi hakukaa. Kanambia nisimkanyagie gereji yake tena mpaka mmoja wetu afe, na aliyebaki asiende kuzika. Kisha akasema jambo ambalo ndilo hasa nakuandikia, mengine yote ungeweza kuyasikia barabarani. Kasema kule ndani walipomwita Mkia na kumcheka, na yeye alipiga hesabu, kama wewe. Mama hawezi. Basi ni Marhoun. Miaka yote hii alikuwa anaamini kwamba wewe ndiye uliyemtaja, na kwamba chuki yako ni ya mtu anayemwonea haya aliyemkosea. Mkewe akimwambia akwambie usoni, yeye humjibu kwamba mtu aliyefungiwa anaweza kusema lolote, na kwamba na yeye hajui siku moja zaidi ingemfanya nini. Alikusamehe bila kukuambia. Na mwanawe alipomtajia Israa, akasema ni vizuri, mambo yaishe.

Kwa hiyo siku ile ya Ijumaa ulipokuwa unamtoa kwenye sabla yako kwa kosa la kukuuza, yeye alikuwa amekuja kuposa kwa mtu anayeamini kwamba ndiye aliyemuuza yeye.

Hatakuja tena, hilo kalisema wazi. Nyumba yake Firq haina geti, ni ya pili baada ya msikiti, mlango wa kijani. Utakwenda au hutakwenda, mie sina uso wa kukuamrisha. Lakini mwezi una siku kumi na tisa zimebaki.

Msalimie mkeo na watoto. Israa mwambie ami yake anamsalimia, na kwamba amekwisha kuandika. Mke wangu anakusalimu, na yeye hajui yaliyomo humu, ntamwambia leo baada ya alasiri. Mungu akuondoshee maradhi.

Mdogo wako,
Amur